Jiko la Speciose na Ndizi za Bibi Kokubanza

Kila asubuhi kule Kimuli, Speciose alipika uji kwa jiko la chuma. Lilikuwa jiko kuukuu la kuni, mlango mbele, bomba la moshi nyuma. Mchimba visima mmoja alipohama mwaka 1986, alimwachia Celestin, mume wa Speciose.

Wiki mbili za kwanza jiko halikuwa na neno. Wiki ya tatu likaanza kujaza moshi ndani. Mtoto wao wa mwaka mmoja, Uwimbabazi, akawa anakohoa mpaka anatapika.

"Dawa nimekupa," muuguzi wa zahanati alimwambia Speciose. "Lakini mtoto akirudi kwenye moshi ule ule, tutaonana tena."

Celestin akakata shauri. "Jumamosi Athanasi mhunzi anakuja kulichukua. Atufulie majembe. Sisi turudi kwenye mafiga."

"Mafiga nayo hayatoi moshi?" Speciose aliuliza.

Celestin akachukua panga, akaenda kupogoa migomba.

Pembeni, mama yake Celestin, Bibi Kokubanza, alikuwa anamenya ndizi. Alikuwa kimya, na kwake kunyamaza ilikuwa kazi ngumu. Juu ya kichwa chake, kwenye uchaga, ilipangwa mikungu ya ndizi za rubisi, pombe ya ndizi. Wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake wa mwisho, Anonciata. Siku zote ndizi za pombe alizivundika kwa moshi wa jikoni. Lilipokuja jiko lisilo na moshi, ndizi zikakaa kijani tu, kama zimesusa. Basi siku moja, wenzake wakiwa shambani, akazunguka nyuma ya nyumba akaziba bomba. Kidogo tu, alijiambia. Mpaka ziive. Kikohozi cha mtoto alikisingizia ukungu wa asubuhi.

Ijumaa Speciose akamleta Bi Mwanamisi, mwenye mgahawa pale senta. Watu wake walitoka Tanga, na kwa miaka kumi alikuwa akipika kwa jiko la namna ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kutupikia?"

"Nimekuja kumpima mgonjwa. Jiko limepoa?"

"Tangu asubuhi," Speciose alisema.

"Vizuri. Jiko halipimwi likiwa la moto. Toa majivu yote, funga mlango wa jikoni na dirisha."

Giza likaingia. Bi Mwanamisi akawasha kibatari, akakiweka ndani ya jiko, akafunga mlango wake. Mstari wa mwanga ukaonekana ubavuni. Mwingine kwenye chuma, chini kidogo ya mlango.

"Mnaona? Panapopita mwanga, moshi unapita. Hizo ni nyufa mbili."

Akatoa kibatari, wakafungua dirisha. Akagonga jiko kwa kijiko pande zote. Mbele lililia kama kengele. Nyuma lililia kama boga.

"Hapa kutu imekula." Akasukuma kwa msumari. Msumari ukazama. "Hapa panataka kiraka cha chuma."

Kisha akabana kipande cha gazeti kwenye mlango wa jiko na kukivuta. Hakikutoka.

"Mlango mzima. Jiko hili halijafa, Speciose. Lakini nyufa mbili na tundu moja haziwezi kutoa moshi wa kumwangusha mtoto. Bomba liko wapi?"

"Bomba ni zima," Kokubanza alisema haraka. "Umechoka, mwanangu. Kunywa uji kwanza."

"Nitakunywa, bibi. Kioo mnacho?"

Wakatoka nje. Pale bomba lilipoanza kupanda ukutani palikuwa na kifuniko cha kutolea masizi. Bi Mwanamisi akakifungua, akaingiza kioo na kutazama juu.

"Bomba zuri, ukitazama hivi, unaona mbingu. Mimi naona giza."

"Labda ndege amejenga," Kokubanza alisema.

Bi Mwanamisi akachomeka fimbo, akavuta. Likatoka furushi la majani makavu ya mgomba.

"Ndege wa huku wanajua kufunga mafundo?"

Speciose aliyatazama majani, akamtazama mama mkwe wake, akakumbuka uchaga. Ndizi zilikuwa zimeanza kuwa njano. Ndani, Uwimbabazi akaanza kukohoa.

Bi Mwanamisi akageuza furushi. Ukingo wake ulikuwa umeungua. "Na paa lenu la nyasi, bibi. Mkono mmoja tu kutoka hapa."

Kokubanza alisikiliza kile kikohozi mpaka kikaisha. Nje hapakuwa na ukungu wa kusingizia.

"Ni mimi," alisema. "Nilitaka ndizi ziive. Nilijua kuziba, sikujua ninaziba kifua cha mtoto. Niambieni la kufanya."

"Chekecha majivu," Bi Mwanamisi alisema. "Vikombe viwili vya majivu, viwili vya chumvi, maji kidogo, mpaka iwe kama ugali mzito. Sugua kutu kwenye nyufa, ziloweshe, kisha uzijaze. Na ndizi zako kavundike shimoni. Pasha shimo moto, toa makaa, tandika majani, panga ndizi, fukia."

"Na rubisi ikiwa tayari, nikutumie?"

"Mimi Mwislamu, bibi. Nitumie ndizi moja."

Jumamosi Athanasi alikuja na toroli kuchukua jiko. Alimkuta Kokubanza amekaa mbele ya jiko hilo, mikono myeupe kwa majivu.

"Hulichukui," alimwambia. "Piga kiraka hapa nyuma, kwa chuma kizito."

Celestin alifungua mdomo. Speciose akamwonyesha yale majani. Akaufunga.

Athanasi alikata kipande cha pipa, akakipigilia ribiti. Siku tatu waliwasha moto mdogo tu, ili udongo ule wa majivu ukauke polepole usipasuke. Siku ya nne jiko likapika ndizi, na moshi wote ukatokea juu ya paa. Mwezi ulipoisha, Uwimbabazi alikuwa analala usiku kucha bila kukohoa. Kila mwezi walitoa masizi, na kioo alishika Kokubanza mwenyewe. Hakumwachia mtu.

Wakwe walikuwa wamekuja siku yao. Mzee wao, Polikarpi, alionja rubisi, akatikisa kichwa.

"Tamu. Na haina harufu ya moshi hata kidogo."

"Ndivyo tunavyofanya hapa kwetu," Kokubanza alisema. "Tangu zamani."

Speciose akainama, akamwongezea mgeni.