Sauti Iliyobaki Mkongeni

Wilberth alipiga makofi katikati ya chumba, na makofi hayakulia. Akacheka kwa furaha. Chumba chake cha kurekodia nyimbo kilikuwa na mwangwi kama kisima, na sasa alikuwa amefunika kuta zote kwa mabamba ya katani aliyoyashindilia mwenyewe. Mkewe, Nidelvia, alitabasamu, ila moyoni hakupenda.

Mkonge aliukata kwenye shamba la zamani lililoachwa nje ya mji. Pale Yukatani, Meksiko, hata mtoto anajua hukati kitu shambani kabla hujammwagia uji wa mahindi mwenye shamba, yule asiyeonekana. Wilberth aliona huko ni kupoteza muda. Mjuaji, huyo.

Ukimya haukukaa chumbani. Jikoni mafuta yalichemka bila kulia, na nyumba nzima ikanuka katani iliyooza. Jogoo alinyoosha shingo, akafungua mdomo, asiwike. Na mchana mmoja wa jua kali Nidelvia, akikanda unga huku akiamini binti yake Suemy, wa miezi minane, amelala fofofo kwenye kitanda cha bembea, alikwenda kumchungulia akamkuta uso umemwiva, machozi yamelowesha shingo, kinywa wazi, analia kwa nguvu zake zote, na hakuna sauti, wala ya pumzi, na mama mtu asijue mwanawe amelia hivyo tangu saa ngapi.

"Yabandue," alimnong'oneza mumewe. "Yabandue yote, Wilberth. Mwanangu anamezwa."

Wakamwita Don Fulgencio, mganga. Akafukiza ubani, akawaamuru warudishe kila bamba shambani, akamwaga uji huku akiomba radhi. Walipofika nyumbani jogoo aliwika. Mafuta yakalia. Suemy alifungua kinywa, kimya.

"Mwenye shamba amerudisha alichotaka kurudisha," alisema mzee, bila kumtazama Nidelvia usoni.

"Na sauti ya mwanangu, Don?"

"Ameipenda, mama."

Tangu hapo Nidelvia hupeleka uji kila siku, huomba, hulia, hurudi mikono mitupu. Suemy ananenepa, anasimama, bila sauti. Juzi, mama amesimama ukingoni mwa shamba na mtoto amemlalia begani, usingizini, kulitoka ndani kabisa ya mkonge sauti nyembamba, ya mtoto anayejifunza maneno, ikiita, "Mama."

Nidelvia aliitika. Angefanyaje? Ilikuwa ya mwanawe.