Zawadi Haifunguliwi Mbele ya Mtoaji

Duka la fotokopi lilifurika watu, kila mmoja na haraka zake, ndipo fomu za viza ya Japani zikamponyoka dada mmoja fundi saa na kutawanyika sakafuni. Kijana mmoja mwenye shati jeupe lililonyooka pasi aliziokota zote, akazipanga, akamkabidhi kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa.

"Kaka, ni karatasi tu hizo, siyo kichanga," dada alicheka.

"Huko Japani unakokwenda, hata kadi yenye jina la mtu hupokewa hivi. Nafundisha Kijapani ghorofa ya pili, jengo hili hili. Una muda gani?"

"Wiki sita. Kisha mwaka mzima kwenye karakana ya saa, nikikaa nyumbani kwa mzee mwenye karakana."

"Basi umechelewa. Twende juu."

Dada huyu hakuwa mtu wa kushangazwa ovyo. Kutwa alikaa na lenzi jichoni, akishika kwa kibano skurubu ambazo wengine hawazioni. Lakini darasani alipigwa na butwaa. Kumbe kuna watu wakivua viatu mlangoni huvigeuza vielekee nje! Kumbe kabla ya kula husema *itadakimasu*, napokea kwa unyenyekevu, hata anayekula peke yake! Akitoka hapo alitembea taratibu, akiwatazama wapita njia kana kwamba kila mmoja ni mgeni wa heshima.

"Sema tena *hajimemashite*," mwalimu alimwambia kwenye simu.

"*Hajimemashite*. Nafurahi kukutana nawe kwa mara ya kwanza. Ya kwanza ya ngapi hii, mwalimu?"

"Sihesabu. Kesho njoo na lile gauni la kijani."

"Nalo limo kwenye somo?"

"Limo kwenye moyo wa mwalimu."

Wiki mbili kabla ya safari, mwalimu alimpa kiboksi kilichofungwa kwa kitambaa cha buluu. Ndani mlikuwa na pete. Maneno ya posa alikuwa ameyakariri, ila alisahau kwamba asubuhi hiyohiyo alikuwa amefundisha mambo mawili: mgeni haendi kwa mwenyeji mikono mitupu, na zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeitoa.

Dada akaamini ni zawadi ya kumpelekea mzee wa karakana. Akapokea kwa mikono miwili, akainama vizuri kabisa, akakitia mkobani.

"Asante, mpenzi. Umeniondolea shida kubwa."

Akaondoka. Maneno ya posa mwalimu hakuwahi kuyatamka. Siku zikapita bila jibu, naye akaanza kujitenga.

"Mbona umeninunia?" dada aliuliza.

"Sijanuna. Nimebanwa na kazi."

"Haya, baki na kazi yako." Alikata simu, akalia.

Siku ya safari alifika uwanja wa ndege peke yake. Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, akakitoa kiboksi begini.

"Kuna chuma humu. Fungua."

"Mama, nisamehe, ni zawadi ya watu, haifunguliwi."

"Basi kitabaki hapa."

Ikabidi ampigie mwalimu.

"Wanataka kuifungua zawadi ya mwenyeji wangu. Niwaambie mna nini?"

Mwalimu alikuwa mbele ya darasa, kalamu ya ubao mkononi. "Mwenyeji gani?"

"Mzee wa karakana! Si ulinipa nimpelekee?"

Mwalimu aliiweka kalamu mezani. "Fungua, mpenzi. Ni yako."

Mikono iliyozoea vyuma vidogo ilishindwa na fundo moja la kitambaa, hadi mkaguzi akamsaidia. Dada aliitazama pete kwa muda mrefu, haamini kwamba kitu hicho kimenunuliwa kwa ajili yake, na furaha ikamzidi nguvu.

"Ningempa mzee wa watu pete yangu ya uchumba!"

"Yako? Umekubali?"

"Nimeshaivaa." Alijifuta machozi. "Lakini mwaka mzima, mwalimu. Utaweza kungoja?"

"Nimeweza wiki mbili nikidhani umenikataa," alisema mbele ya wanafunzi wake wote. "Mwaka nikijua umenikubali ni nini?"