Chiriku Aficha Sabuni

Kila asubuhi Chiriku alifagia chumba, akatandika kitanda walicholalia yeye na binamu yake, kisha akaenda kuoga huku akiimba mpaka mama yake amgongee mlango. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Lakini wiki hii aliingia bafuni kimya, akatoka kimya.

Upele ulikuwa umemtoka kwenye mikunjo ya mapaja, karibu kabisa na sehemu za siri, nao ulimwasha hata darasani. Jambo kama hilo utamwambia nani? Aliona haya, akalifungia moyoni, na huko moyoni likageuka shaka.

Shaka yake ilimwangukia binamu. Huyu binti wa mjomba alikuwa amehamia kwao mwezi mmoja tu uliopita, apate kusoma. Kabla hajaja, upele haukuwapo. Si walitumia sabuni moja? Si walijifunika shuka moja? Basi Chiriku akaanza kumpeleleza. Binamu akijikuna hata shingo, jicho la Chiriku liko palepale. Mwishowe akaificha sabuni kwenye mkoba wa shule, akahamia kulala mkekani.

"Nimekukosea nini?" binamu alimuuliza.

"Jiulize mwenyewe."

Jumamosi mama, ambaye ni fundi cherehani, alimkuta binamu akipanga nguo kwenye begi.

"Safari ya wapi, mwanangu?"

"Narudi kwetu, shangazi. Chiriku ananikimbia kama nina ukoma. Hata sabuni ameificha."

Mama alimwingiza Chiriku chumbani, akafunga mlango. "Haya, sema."

Chiriku alilia, akayasema yote, na upele akamtwika binamu. Mama hakubishana naye. Alimwomba binamu awasubiri, akamshika Chiriku mkono hadi kituo cha afya, akakaa naye muda wote muuguzi alipokuwa akimpima.

"Hii ni fangasi," muuguzi alisema. "Hupenda joto na unyevu. Huyo binamu naye anawashwa?"

"Hapana, nilimuuliza kabla hatujaja," mama alijibu.

"Na wewe, chupi zako unazianika wapi?"

Chiriku alitazama sakafu. "Chini ya godoro."

"Kwa nini jamani?"

"Uani wanapita wateja wa mama. Wataziona."

"Kwa hiyo unazivaa mbichi?"

"Zinakuwa na unyevu kidogo tu."

Mama alishika kiuno. "Kumbe! Mwenzako anaanika zake kambani, juani, na wewe nilikusikia ukimwambia hana haya."

Muuguzi alimpa dawa ya kupaka, akamwambia ajikaushe vizuri kila akioga na asivae nguo yenye unyevu.

Nyumbani binamu alikuwa ameketi juu ya begi lake. Chiriku alimweleza kila kitu, akamwomba msamaha.

"Wiki nzima nimekuwa nikijinusa," binamu alisema. "Nilidhani nanuka."

Chiriku aliona aibu kubwa kuliko ile ya upele.

"Mwili ukikusumbua, niambie siku hiyohiyo," mama alisema. "Kuugua si aibu. Aibu ni kumtwika mwenzako kosa usilolijua, mpaka afunge begi."

Chiriku alipiga magoti, akafungua begi la binamu, akaanza kuzirudisha nguo kabatini moja moja.