Nilivyothibitisha Kwamba Simulizi Ni Yangu

Mwanaume aliyemmwagia Koleta mafuta ya moto alisimama mlangoni kwangu Jumamosi saa nne asubuhi, akanipa shikamoo.

Nikaitikia marahaba kabla sijamtazama vizuri.

Sura yake naijua. Koleta aliwahi kunionyesha picha.

"Namuulizia mke wangu," akasema. Taratibu kabisa...

Ngojeni kwanza niwaeleze, maana wengi mnanijua kwa simulizi tu. Mimi ni Imakulata wa Ipuli, hapa Tabora. Naandika, naweka Facebook, mnasoma bure. Koleta ni mpangaji wangu, chumba cha uani. Alikuja kutoka Nzega mwaka juzi, mkono umeungua kuanzia begani hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa nampeleka hospitali ya Kitete kusafishwa vidonda, mpaka tukawa kama ndugu.

Siku moja tunamenya karanga, akaniambia:

"Dada Ima, andika kisa changu. Kuna mwenzangu huko atasoma, akimbie mapema."

"Una uhakika?"

"Ndiyo. Ila usitaje jina wala mahali. Mume wangu Shilinde akijua nilipo, atanimaliza."

Nikaandika. Koleta nikamwita Jihan, Nzega nikaigeuza Singida. Chini nikaweka: someni bure, shirikisheni wenzenu, ila jina langu msilitoe.

Wiki ya tatu nikaikuta kwenye ukurasa mmoja mkubwa, neno kwa neno. Jina langu halipo! Mwenye ukurasa kajiandika yeye ndiye mtunzi, watu wanammwagia sifa.

Jamani, niliumia. Nikaingia kwenye maoni kugombana. Wakasema natafuta kiki.

"Ushahidi uko wapi, bi dada?" mmoja akaniuliza.

Siku hiyo nzima sikuweka simu chini, hata mboga iliungulia jikoni.

Na sasa Shilinde huyu hapa, mlangoni kwangu.

Uani Koleta alikuwa anafua, nasikia kabisa maji kwenye beseni. Nikapandisha sauti makusudi.

"Kaka, mke wako unamtafutaje kwangu?"

Maji yakanyamaza.

Moyoni nilikuwa namlaani yule mwizi wa simulizi. Nilijua tu ni yeye kaleta balaa hili.

"Nani kakuelekeza hapa?"

"Wewe mwenyewe," akasema, akanigeuzia simu yake.

Maneno yalikuwa yangu. Jina langu, na picha yangu pembeni:

"SIMULIZI NI YANGU. Huyo Jihan ni mtu wa kweli, ni mpangaji wangu hapa Ipuli, Tabora, na kovu lake nalipaka dawa kwa mikono yangu. Wewe mwizi una ushahidi gani?"

Watu elfu tatu walikuwa wameyapenda. Niliyaandika kwa hasira, nikayasahau.

"Nimemwonyesha picha yako muuza mkaa mmoja tu," akasema Shilinde. "Kanileta hadi kona."

Akanisukuma, akapita hadi uani. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, nguo bado zimo kwenye povu. Akaingia chumbani kwa Koleta, akainua godoro, akachungulia uvunguni.

Akarudi polepole, akasimama karibu yangu.

"Unaandika vizuri, dada. Mimi nitakuwa nasoma."

Akaenda zake. Nimeripoti polisi, mpaka leo hajapatikana.

Siku ya nne ikaingia meseji kwa namba ngeni: "Nipo hai, nipo mbali. Usinitafute. Waambie wasomaji wako ulichonifanyia."

Ndicho ninachofanya hapa.

Jioni hiyohiyo ule ukurasa ukaniandikia. Wameomba radhi, wamethibitisha kazi ni yangu, jina langu wameliweka juu kabisa. Kilichowaridhisha ni yale maoni yangu.

Nikawaomba waifute yote.

"Dada, si ulitaka jina?" wakanijibu.

Ndugu zangu mnaoandika, wekeni kazi zenu watu wasome. Mkiibiwa, daini haki yenu, hata mimi nitaendelea kudai. Ila kabla hujamwaga ushahidi mtandaoni, mtafute uliyeandika habari zake, umuulize.

Mimi Koleta alikuwa uani kwangu tu, hatua kumi. Sikumuuliza, kwa sababu nilikuwa nagombania jina langu.