Mtori Ulikuwa wa Mama

Katika kihamba, yaani shamba la ukoo, cha marehemu mzee Theodory, huko Kirua Vunjo mlimani Kilimanjaro, kulikuwa na watoto wachanga wawili. Wote walikuwa wavulana, na wote waliitwa Theodory. Usishangae. Kila mwana wa mzee alimpa mtoto wake wa kwanza wa kiume jina la babu, kama desturi inavyotaka.

Ili wasichanganyikiwe, watu waliwatofautisha. Mtoto wa Primus na mkewe Victoria, wa nyumba ya juu, akaitwa Theo wa Juu. Mtoto wa Basili na mkewe Dominika, wa nyumba ya chini, akaitwa Theo wa Chini.

Majina hayo yalimkera Dominika. Juu na chini! Mtoto hajaota hata jino, tayari ameshawekwa chini!

Tena Theo wa Juu alizaliwa mkubwa. Mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo. Theo wa Chini alizaliwa kabla ya siku zake, akawa mdogo. Wageni wa kuona watoto walianzia nyumba ya juu. Dominika aliwasikia kupitia migomba.

"Mae! Mtoto amenona huyu!"

Wakishuka kwake walimwangalia mtoto, wakasema kwa upole, "Mshukuru Mungu, mama. Atakua tu."

Hilo "atakua tu" lilimchoma moyo.

Mama mkwe wa Dominika na Victoria, Bibi Mektrida, ndiye aliyewatunza wazazi hao wawili. Huku mlimani mama aliyejifungua hukaa ndani kama miezi mitatu. Halimi, hakati majani ya ng'ombe. Kazi yake ni kula, kupumzika na kunyonyesha. Kila siku Bibi Mektrida alipika mtori wa ndizi na nyama katika jiko la nyumba ya juu. Alimpakulia Victoria, kisha akashuka na bakuli la Dominika.

"Unaona?" Dominika alimwambia mumewe. "Mimi napewa mwisho. Vicky anakula minofu, mimi naletewa mifupa."

Basili alichungulia bakuli. "Mbona hizi ni mbavu? Mbavu tamu kabisa."

"Basi kula wewe."

"Lakini mama amempikia mzazi."

"Mzazi amekataa!"

Basili hakungoja kubembelezwa. Ikawa hivyo kila siku. Aliyenenepa katika nyumba ya chini akawa Basili.

Dominika alikuwa na wazo lake. "Mtoto hanoni vile kwa ziwa la mama peke yake," alijiambia. "Vicky anampa kitu kwa siri. Na mimi nitampa wangu."

Akawa anachota mtori laini juu ya bakuli kabla ya kumpa Basili. Aliuchuja kwa kitambaa, akaulegeza kwa maziwa ya ng'ombe, akamlisha Theo kwa kijiko. Mtoto alikuwa ndani ya mwezi wa tatu tu.

"Kula, baba," alimwambia. "Tutaona nani ni wa chini."

Theo alishiba mtori, akanyonya kidogo. Ziwa lisiponyonywa hupunguza maziwa. Na mama mwenyewe alikuwa anashindia chai, kwa hasira ya bure. Maziwa yakapungua. Dominika aliona mtoto analia njaa, akamwongeza mtori.

Kisha Theo akaanza kuharisha.

Dominika alifua nepi na kuzianika nyuma ya banda la ng'ombe, mahali ambapo mtu wa nyumba ya juu hawezi kuziona. Hakumwambia mtu. Vicky akisikia atafurahi, aliwaza. Kesho yake mtoto aliharisha zaidi.

Mchana huo Victoria alishuka kuomba chumvi. Alimkuta Theo amelala mapajani mwa mama yake. Analia, lakini hana machozi. Macho yameingia ndani.

"Domi, huyu mtoto anaharisha tangu lini?"

"Haharishi. Anaota meno."

"Meno ya mwezi wa tatu?" Victoria aligusa kichwa cha mtoto. Utosi ulikuwa umebonyea. "Yesu na Maria! Amka, twende zahanati!"

"Umekuja kunicheka."

"Nitakucheka baadaye! Mbebe mtoto!"

Victoria akapaza sauti kumwita mama mkwe. Bibi Mektrida alimbeba Theo wa Juu mgongoni, na wote wakateremka mbio hadi zahanati.

Nesi wa pale aliitwa Hajira, mama mmoja mchangamfu wa Majengo, Moshi mjini. Alimpima Theo haraka. Alichanganya unga wa chumvichumvi, ule wa kurudisha maji mwilini, katika maji safi yaliyochemshwa. Akamwonyesha Dominika jinsi ya kumnywesha kidogo kidogo kwa kijiko. Alitoa pia dawa ya zinki.

"Bahati yenu bado ana nguvu ya kumeza," alisema. "Angelegea kabisa, au angetapika kila kitu, ningempeleka hospitali sasa hivi. Mtoto mchanga akiharisha, usikae naye nyumbani. Na usiache kumnyonyesha. Sasa niambie, mama, anakula nini?"

Dominika akainamia kijiko, akamnywesha mtoto tena.

"Sikuulizi ili nikugombeze. Nataka kumtibu."

"Mtori," alisema Dominika, machozi yakimtoka. "Nilitaka awe kama wa Vicky. Vicky anampa wake kitu, mimi najua!"

"Nampa nini?" Victoria aliruka. "Nampa ziwa, basi! Nakula mtori wa mama, nanyonyesha!"

"Wewe unapewa minofu! Mimi napewa mifupa!"

Bibi Mektrida alishika kiuno. "Mifupa? Zile mbavu nakuchagulia wewe! Nilisema Domi amejifungua mtoto mdogo, apate supu nzito. Kumbe huzili?"

"Anazila Basili," alisema Dominika kwa sauti ndogo.

"Na mimi," Victoria alisema, "kila siku nilichungulia bakuli lako likipita mlangoni. Mbavu zote kwa Domi! Nililia kwa wivu."

Nesi Hajira alicheka hadi akakaa. Kisha akasema taratibu.

"Sikilizeni, mama zangu. Mtori ule ni wa mama. Mama anakula, mtoto ananyonya. Mpaka atimize miezi sita, mtoto anahitaji maziwa ya mama tu."

"Hata maji hapewi?" aliuliza Bibi Mektrida.

"Hata maji, bibi. Ni dawa tu aliyoandikiwa. Tumbo lake bado changa. Kijiko, kitambaa, maziwa ya ng'ombe, vyote vinaweza kumpelekea vijidudu."

"Lakini maziwa yangu yamepungua," alisema Dominika.

"Yatarudi. Mnyonyeshe mara nyingi, mchana na usiku. Kula mbavu zako. Unaponyonyesha, mtazame machoni, ongea naye. Akitoa sauti, mjibu. Hivyo ndivyo akili yake inavyokua. Na ukitaka kujua kama ananenepa, mlinganishe na uzito wake mwenyewe wa mwezi uliopita. Theo wa Juu ana mwili wake."

Kuharisha kulikoma baada ya siku chache. Dominika alianza kula mtori wake wote. Basili alikuwa anakaa mlangoni, anatazama mbavu zikipita. Sasa mwenye wivu alikuwa yeye!

"Nionjeshe hata moja," aliomba.

"Jifungue kwanza," Dominika alimjibu.

Maziwa yalirudi. Kila mwezi, mizani ya kliniki ilionyesha Theo wa Chini ameongezeka. Na kila aliponyonya, mama yake alimsimulia habari: ng'ombe amekula nini, mvua imenyesha wapi. Theo akawa mtoto wa kelele na kicheko.

Miezi sita ilipotimia, Bibi Mektrida alipika mtori mzito, ukapondwa laini, kwa ajili ya wajukuu. Wazazi walinawa mikono kwa sabuni. Watoto walinyonya kwanza, kisha wakaonja. Theo wa Chini alipaka mtori puani, akapiga kelele za furaha.

Victoria alimtazama. "Domi, wako mbona anacheka hivi? Wangu ananikodolea macho tu kama mzee wa kanisa."

Dominika alisikia utamu moyoni. Vicky ana wivu! Aliufurahia kidogo, tusidanganyane. Kisha akamsogelea Victoria kwenye mkeka.

"Ongea naye unaponyonyesha. Halafu nyamaza, msubiri akujibu."

"Nimwambie nini?"

"Chochote. Mwambie siku ile mimi nilikunyima chumvi."

Victoria akaanza kumsimulia mwanawe. Theo wa Juu alimtazama mdomo, akakunja uso, akatabasamu. Victoria akapiga vigelegele.

Mgeni mmoja aliingia wakati huo. Akamsifu Theo wa Juu kwa mashavu yake. Kisha akamgeukia Theo wa Chini, bado mdogo, uso wote mtori.

"Na huyu, mshukuru Mungu, mama," alisema. "Atakua tu."

"Anakua," alisema Dominika, akampa kijiko kingine.