Anayefua Uani

Beseni lilikuwa kavu, limeegemezwa ukutani, lakini uani kulikuwa na mtu anafua. Stephania alisimama mlangoni, ufunguo wa pikipiki mkononi, akasikiliza nguo zikifikichwa na maji yakikamuliwa. Jua lilikuwa la utosi. Harufu ya sabuni ya mche ilifika mpaka sebuleni. Alipochungulia, hapakuwa na mtu, wala tone la maji ardhini.

Stephania alikuwa afisa kilimo, mzaliwa wa Rombo, amepanga nyumba Binza, pale Maswa mjini. Mdogo wake Sia, aliyekuwa akiishi naye, alifariki kwa malaria mwanzoni mwa masika. Walimzika Rombo. Stephania hakulia. Jumatatu iliyofuata alirudi kazini, na kila aliyempa pole alimjibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa, kisha akageuzia mazungumzo kwenye pamba.

Mfuaji akawa anakuja kila adhuhuri. Jirani yake Muzdalifa, mwenye duka la khanga, alimsikia pia, akauliza kwa sauti ya chini kama amepata dada wa kazi. Stephania akasema ndiyo. 

Siku moja alikuwa kijijini Sola, akiwaelekeza wakulima jinsi ya kupulizia pamba dawa. Alifungua mdomo aendelee, na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa nyembamba, ya msichana, inayovuta maneno kwa uchovu, na ingawa alibana meno na kujiziba kwa viganja vyote viwili iliendelea kupenya katikati ya vidole, mbele ya watu wote waliokaa kimya kwenye jua lile, ikisema, "Dada, kichwa kinaniuma. Dada, leo siwezi."

Wakulima waliinuka mmoja mmoja, wakaondoka bila kuaga. Alibaki bibi mmoja, Kabula, ambaye alimshika mkono.

"Mayu," alisema taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "anayeongea si wewe. Wewe uko wapi?"

Tangu siku hiyo Stephania hakuwa na sauti yake. Kila alipotaka kusema lake, lilitoka la Sia, ikabidi kazini aeleze kwa ishara tu kwamba ana mafua. Muzdalifa ndiye aliyempeleka Bariadi kwa Shehe Mtoro, aliyekuwa akiwasomea watu wenye majini. Mlangoni Stephania alivua rozari akaificha kwenye mkoba, na hata hilo likamsuta.

Shehe alifukiza ubani, akasoma hadi jasho likamtoka. Kisha akamuuliza jini ni nani aliyemleta. Ile sauti ya msichana ikacheka kidogo.

"Sikuletwa. Nilikuta msiba hauna mwenyewe, nikakaa matanga mimi."

Shehe akasogeza chetezo pembeni. Akamweleza Stephania kwamba hawezi kumwondoa aliyekalia nafasi ya mfiwa mpaka mfiwa arudi mahali pake. Aseme alichokificha, kwa mdomo wake mwenyewe.

Stephania alihangaika, mishipa ya shingo ikamtoka, akakabwa na kukohoa, na mwishowe ikatoka sauti nzito, imekwaruza, ya kwake.

"Aliniambia anaumwa. Nikamwambia aache uvivu. Nikamwachia nguo zangu afue, nikaenda zangu. Niliporudi jioni nilimkuta ameanguka kando ya beseni, hajitambui."

Akalia kwa mara ya kwanza, hadi Muzdalifa akamlaza mapajani kama mtoto. Shehe alisema jini amekwenda. Na kweli, uani kule Binza kukawa kimya siku ile na zilizofuata.

Lakini mama yake alikuwa bado hajui. Asubuhi moja Stephania alijifungia chumbani peke yake, akapiga simu Rombo, akamweleza yote bila kujitetea. Wakalia wote, muda mrefu. Kisha mama akaacha kulia, akatega sikio.

"Mwanangu," alisema polepole, "huyo mwingine anayelia hapo na wewe ni nani?"