Diski Tupu za Maabara

Fundi wa kompyuta na muuzaji wa vifaa walikutana dukani kwa muuzaji, mchana wateja wakiwa wamebanana hadi mlangoni. Fundi alibishania bei ya diski moja mpaka waliokuwa nyuma yake wakaanza kuguna. Muuzaji, gauni la kijani, miwani juu ya nywele, akamwambia, "Kaka, nunua au wapishe wenye haraka." Akanunua. Kesho yake akarudi kununua waya asiouhitaji.

Mapenzi yakaanza hapo, na baadaye fundi akapata kazi, akamshirikisha: maabara ya kompyuta ya chuo. Muuzaji alete diski mpya, fundi azijaze mfumo wa kuendeshea kompyuta kutoka nakala moja aliyoiandaa, ili kompyuta zote ziwe sawa.

Zikagoma zote. Nakala iliingia vizuri hadi mwisho, lakini kompyuta ikiwashwa upya, kioo cheusi na maandishi kwamba hakuna mfumo. Fundi alirudia mpaka shati likamganda mgongoni. Mkuu wa chuo aliposimama mlangoni kuuliza, akajibu upesi, "Diski ni feki, mkuu. Yule muuzaji mwenyewe simjui vizuri."

Mwanamume mzima, usiku kucha anamtumia mtu ujumbe wa mahaba, asubuhi anamkana bila kupepesa macho. Karani wa chuo aliyesikia alikuwa mteja wa lile duka, akampigia muuzaji simu papo hapo.

Muuzaji alifika maabara amefura.

"Rudia ulichosema."

"Laazizi, tulia kidogo."

"Usiniite laazizi. Mbele ya mkuu hunijui, hapa nimekuwa laazizi? Duka lile linanilisha mimi na mama. Nani atakanyaga pale akisikia nauza feki?"

"Sasa mbona nakala inawaka kwenye diski yangu ya majaribio?"

"Hiyo yako ni mpya?"

"Ya zamani. Ina miaka."

"Ifute yote, iwe tupu kama zangu. Halafu uijaze mbele yangu."

Akaifuta, akaijaza. Kioo cheusi.

Fundi akaketi. Sasa aliliona kosa lake. Alikuwa amenakili fungu kubwa la mfumo, akaacha fungu dogo la kuiamshia kompyuta. Kwenye diski yake lilikuwepo la zamani, likamfichia uzembe. Diski mpya hazikuwa na kitu.

"Kosa ni langu," akanong'ona.

"Sikusikii. Mpigie mkuu, weka spika."

Akapiga. "Mkuu, diski ni nzima. Nakala yangu ndiyo mbovu."

"Na yule muuzaji usiyemjua?"

"Namjua. Ni mchumba wangu. Niliogopa utaona nimempa kazi kwa upendeleo, nikamkana."

"Uoga wa kijinga," mkuu akasema. "Maliza kazi yangu." Simu ikakatika.

Mwanamke alikuwa amekunja mikono.

"Mchumba? Ulinichumbia lini?"

"Nilikuwa napanga kukuambia."

"Kwa hiyo mkuu wa chuo amejua kabla yangu."

"Nisamehe, mpenzi."

"Bado." Alivuta kiti, akaketi kando yake, mkoba mapajani. "Tengeneza nakala upya, nzima safari hii. Zikiwaka zote, simama uniombe kama mtu mzima."

"Utakubali?"

"Kukubali nitakubali. Lakini hasira hii nahamia nayo kwako."